Povu likigoma, boha linakuwa siki

Ukimsikia mama pombe wa Handeni analalamika kuwa pipa lake lina mkosi, muulize kwanza analiosha kwa maji gani.

Nina shangazi Korogwe, boha lake la miwa halilali. Akilitia pipani Ijumaa, Jumapili jioni limekwisha. Binti yake aliolewa Handeni, akaenda na ufundi ule ule na sabuni ile ile. Boha la kwanza likawa siki, la pili hivyo hivyo. Mtaji ukakata, maneno yakaanza: jirani ana jicho, sijui nani kapita na kitu mkononi. Jamani, mtu atoke Korogwe akarogwe Handeni!

Mchawi wenyewe ni kisima. Visima vingi vya huko vina maji ya chumvichumvi, tena magumu, yaani yamebeba kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye miamba. Shida ya maji Handeni ni ya siku nyingi, ndiyo maana ulijengwa ule mradi wa HTM wa kuchota Mto Pangani upande wa Korogwe.

Sabuni ya mche ikikutana na kalsiamu haitoi povu. Inagandana nayo na kuwa utando, unang'ang'ania ukutani mwa pipa. Pipa likiwa limelowa huuoni, lakini pitisha kucha utaukuta. Humo ndimo vijidudu vya siki vinapojificha. Unamimina jiki, inaua vya juu, vya chini vinakusubiri wewe na miwa yako.

Wengine hapo wanaongeza jiki. Hapana, shoga! Chokaa peke yake haiidhuru jiki sana, ila maji yenye asili ya magadi yanaipunguza makali, na uchafu unaimaliza kabisa. Ondoa utando kwanza. Sugua kwa siki au ndimu, suuza mpaka harufu iishe, kisha osha kwa sabuni ya unga, ambayo haisumbuliwi na maji magumu kama ya mche. Nasisitiza hapo pa kusuuza: ndimu au siki ikikutana na jiki inatoa hewa ya klorini, nayo ni sumu ya mapafu. Usithubutu kuvichanganya ili umalize kazi mara moja.

Pipa likishatakata ndipo jiki inapofanya kazi. Ile ya asilimia 3.5, vijiko 2 vya chakula kwa lita 5 za maji vinatosha. Hakikisha yamegusa kila mahali kwa dakika 10, mwaga, suuza kwa maji yaliyochemshwa. Jiki ikibaki itaua na hamira yako, halafu utasema umerogwa tena.

Kuchemsha kunasaidia, kwa sababu sehemu ya chokaa hushuka na kuwa ule ukoko mweupe chini ya sufuria. Acha yatulie, chota ya juu. Chumvi haitoki kwa kuchemsha, usijisumbue. Maji ya mvua ndiyo laini kuliko yote, kwa hiyo masika yakianza weka madumu chini ya bati, lakini mvua ya kwanza iache ioshe vumbi.

Wenye mitungi ya udongo wasitumie jiki, udongo unainywa. Huo umwagie maji yanayotokota, polepole usije ukapasuka, kisha uanike juani mdomo wazi.

Na wanaoniuliza habari za gongo, mimi simo. Hiyo ni kesi ya polisi.