Mpaka wa Shamba na Mlango wa Jirani

Katika Kasulu na Kibondo, kipande cha shamba la maharage chaweza kuwatenga ndugu waliokula chungu kimoja. Mmoja huingia na jembe, mwingine hukimbilia polisi, na aliyeingia hushitakiwa kosa la kuingia kwa jinai. Yafaa tulijue kosa hili.

Kwa kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kosa hutimia mtu aingiapo bila haki katika mali iliyo mkononi mwa mwingine, naye amekusudia kutenda kosa, au kumtisha, kumtukana au kumwudhi huyo aliye nayo. Aliyeingia kwa halali akakataa kutoka, kwa nia kama hiyo, naye yumo. Adhabu ni kifungo kisichozidi miezi 3. Bali pakiwa ni nyumba ya kukaa watu, mahali pa ibada au ghala, chaweza kufika mwaka 1.

Mtu aweza kuuliza: Je, nikiamini kwa moyo safi kwamba shamba ni langu? Jawabu ni kwamba Mahakama Kuu ilikwisha eleza mwaka 1968 kuwa, mgogoro wa umiliki ukizuka katika kesi kama hii, mashitaka ya jinai yasiendelee. Mlalamikaji afungue madai. Kwa hiyo kumfunga jirani hakukupatii shamba. Wala hii si ruhusa ya kuingia na panga.

Katika nchi ya Buha migogoro hii ina asili yake. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamisha watu kutoka makwao hadi vijijini, na ardhi ikagawanywa upya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikauthibitisha ugawaji uliofanywa kati ya 1970 na 1977. Basi mjukuu arudiye kwenye mahame ya babu yake asianze na jembe. Aanze na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, wanawake wasiopungua 3, kisha Baraza la Kata. Usuluhishi ukishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ndilo huamua.

Sura An-Nur, aya ya 27 na 28, yatuagiza tuombe ruhusa na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba ya mwingine, na turudi tukiambiwa turudi. Enyi wazazi, tuwazoeze watoto wetu adabu hii mlangoni, nao wakikua hawataona uzito kuishika mpakani.