Machozi ya Mfalme Hayamfufui Mwalimu

Mtawala anayepiga muhuri karatasi asiyoielewa anaweza kuua pasipo kushika upanga. Ushahidi umo katika historia ya nasaba ya Han ya Uchina, aliyoiandika Ban Gu.

Mwaka 48 K.K. Mfalme Yuan alirithi kiti cha baba yake. Kati ya washauri watatu walioachiwa wasia wa kumsaidia alikuwemo mwalimu wake mwenyewe, Xiao Wangzhi, bingwa wa mafundisho ya Confucius. Mzee huyu aliona nyaraka za dola zikipita mikononi mwa matowashi wawili, Hong Gong na Shi Xian, akashauri waondolewe kazi hiyo. Nao wakamzulia kwamba anaunda kundi lake, wakaomba apelekwe pamoja na wenzake kwa mkuu wa sheria. Mfalme akaridhia, akidhani ni kuhojiwa tu. Kumbe ni gereza! Alitanabahi siku alipomwulizia Zhou Kan, mshauri mwenziwe Xiao, akajibiwa kuwa yuko kifungoni.

Alishtuka, akawafungulia. Waliomhadaa je? Aliwaacha palepale, karibu na muhuri wake. Kwangu mimi, hilo ndilo kosa lililomuua mwalimu.

Xiao hakuwa malaika. Alimwandama Han Yanshou, mtawala wa jimbo aliyependwa na raia, hadi akauawa mwaka 57 K.K. Lakini hakuponzwa na hilo. Mwanawe alipoandika kumtetea baba yake juu ya tuhuma zile za kwanza, matowashi walimshauri mfalme amfunge mzee kidogo ili kiburi kimtoke. Mfalme alihofu kuwa hatakubali fedheha hiyo, wakamtuliza: kosa ni dogo, nani asiyependa uhai? Askari wakaizingira nyumba. Xiao, aliyepita miaka 60, akanywa sumu.

Mfalme alisukuma chakula cha mchana, akalia. Matowashi wakavua kofia, wakaomba radhi, yakaisha. Kila mwaka akapeleka sadaka kaburini.

Enyi mliokabidhiwa dhamana, someni wenyewe kabla ya kutia saini! Mwulizeni anayeileta karatasi yeye anafaidi nini. Na aliyewadanganya mara moja, mwondoeni siku ileile, msingoje matanga. Mtasema mfalme alikuwa kijana? Alitawala miaka 15, akakua, akazaa, akaugua, akafa mwaka 33 K.K., na muda wote huo Shi Xian alikuwa bado kazini.