Tunajenga kwa Gharama ya Nani?



Katika nchi tajiri, jengo hupimwa kama mwanafunzi apimwavyo kwa mtihani. Uingereza ilianzisha kipimo kiitwacho BREEAM mwaka 1990, na Marekani ikafuata na chake, LEED. Katika LEED, alama za msingi ni 100: jengo likipata 40 limefaulu, na kuanzia 80 hupewa daraja la juu kabisa. Huulizwa limetumia maji kiasi gani, nishati kiasi gani, na vifaa vyake vimetoka wapi.

Atasema mtu: hayo yatuhusu nini sisi wa Singida? Cheti hicho hulipiwa, na hakuna kigango kitakachoita mkaguzi kutoka ng'ambo. Ni kweli. Lakini maswali yenyewe hayalipiwi, na kwetu sisi ni maswali ya haki.

Tulitazame tanuru la matofali. Waamini hujitolea kufyatua, nalo ni jambo la kusifiwa. Kisha matofali huchomwa kwa magogo, usiku na mchana. Katika daftari la ujenzi tunaandika saruji, mabati na misumari, ilhali miti haiandikwi, kwa sababu aghalabu hatukuinunua. Je, haikuwa na gharama? La hasha! Gharama yake hulipwa na mama ambaye mwakani atakwenda mbali zaidi kutafuta kuni, naye hulipa kila wiki, bila risiti. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba utunzaji wa mazingira na haki kwa maskini havitenganishwi. Hatuwezi kumjengea Mungu nyumba kwa deni la mama huyo.

Njia nyingine ipo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukieneza matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, hukaushwa kivulini yakimwagiliwa maji, wala hayachomwi. Najua mashine hununuliwa, na saruji hudai fedha taslimu. Ndiyo maana parokia jirani zingefaa kumiliki mashine moja kwa pamoja.

Tuyatazame pia maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la kanisa la mita za mraba 200, kwa mvua ya milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 120,000. Hata tukipoteza sehemu moja ya tano, hubaki lita 96,000. Tukijenga bila mifereji na tangi, tunayamwaga chini maji hayo, kisha kiangazi kikifika tunawatuma watoto na ndoo.

Na joto je? Wazee wetu walijenga tembe, zenye kuta nene na paa la udongo. Mchana ndani kulikuwa na ubaridi, usiku kukawa na vuguvugu. Sisemi turudi huko, kwa maana tembe zilidai miti mingi, zikavuja, zikaliwa na mchwa. Lakini tulipopokea bati tuliitupa na elimu iliyokuwamo. Darasa la bati lisilo na dari huwaka saa nane mchana, na mvua ikinyesha mwalimu hasikiki. Kuelekeza kuta fupi mashariki na magharibi, ili jua lipige sehemu ndogo, hakuongezi hata shilingi moja.

Basi napendekeza kila kamati ya ujenzi, kabla ya kuchimba msingi, ijibu maswali manne kwa maandishi na kuyabandika mlangoni mwa kanisa, waamini wote wayasome:

1. Vifaa vyetu vinatoka wapi, na miti mingapi itakatwa?
2. Maji ya paa yatakwenda wapi?
3. Jua na upepo vitaingiaje?
4. Ni nani atakayelipa gharama ambayo haimo katika daftari?

Kamati isiyoweza kujibu swali la nne haijawa tayari kujenga. Jumuiya ndogondogo na ziyajadili maswali haya juma hili, zikianza na jengo ambalo parokia inalichangia sasa.