Nyumba ya Kijijini Inunuliwe kwa Macho ya Masika



Siku hizi akina mama wengi tunaokutana nao kliniki na katika vikundi vya kanisani wanatueleza jambo moja. Baba wa watoto anakaribia kustaafu, kelele za Dar es Salaam zimewachosha, na wameonyeshwa nyumba ndogo huku kwetu Kibiti, kijiji kimetulia, minazi inayumba, mikorosho imeanza kuzaa, na bei ni nafuu. Wanatuuliza: je, tununue?

Nia hiyo ni njema. Barabara ya lami ya kwenda Kusini inapita Kibiti, mabasi yapo, na tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 mtu hupita Ikwiriri, akavuka Mto Rufiji na kwenda mbele bila kusubiri kivuko. Ila kiinua mgongo hulipwa mara moja tu. Kikipotea, wazee wawili hurudi kuwa mzigo kwa watoto. Ndiyo maana mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya mambo ambayo mama anapaswa kuyatazama kabla fedha hazijatoka mkobani.

Tujihadhari na uzuri wa kiangazi

Wanunuzi wengi huja huku kati ya Julai na Oktoba. Njia ni kavu, upepo ni mzuri, na mto umejikunja kitandani mwake kama mtoto aliyelala. Mtu huona bonde la rutuba akasema, hapa ndipo pangu. Mto Rufiji hautazamwi hivyo.

Maji yake hayatoki hapa kwetu. Yanatoka mbali, katika mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Kwa hiyo hata kama mvua haijanyesha Kibiti, mto unaweza kufurika kwa mvua iliyonyesha juu huko. Mafuriko ya mwaka 1968 yalikuwa makubwa hata Serikali ikawahamisha watu wa bondeni kuwapeleka kwenye vijiji vya juu, katika ile iliyoitwa Operesheni Rufiji. Yalikuja tena wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, yakaja mwaka 2020, na mwezi Aprili 2024 nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti yalifunikwa na maji. Mwezi Mei mwaka huohuo kimbunga Hidaya kilipiga Mafia na pwani yetu, na barabara ya Kusini ikakatika eneo la Somanga.

Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere limejengwa, mafuriko yamekwisha. Bwawa hilo lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mafuriko ya 2024 yalikuja likiwa tayari limesimama. Basi tusinunue nyumba kwa kutegemea bwawa.

Wenyeji wa Rufiji wana hekima yao juu ya mto huu. Nyumba ya kudumu huwekwa juu, mahali palipoinuka. Bondeni hujengwa dungu, yaani kibanda juu ya nguzo ndefu, ambamo familia hukaa wakati wa kulima na kulinda mazao. Maji yakipungua, hulima mlau katika udongo ule wenye unyevu. Kwa hiyo ukionyeshwa nyumba ya matofali bondeni, mahali ambapo wazee wa hapo wamejenga madungu tu, jiulize kwa nini wao hawakujenga nyumba.

Tunashauri hivi. Kabla ya kununua, fika mwezi wa Aprili, hata kama ni kwa siku moja. Ukishindwa, tafuta bibi wa makamo katika nyumba ya jirani, umwombe akuonyeshe kwa mkono maji ya 2024 yalifika wapi. Mtazame ukuta, mara nyingi alama ya maji huonekana chini ya chokaa mpya. Aidha, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Na kule delta, msitu wa mikoko ni hifadhi ya Serikali. Mtu akikuuzia shamba la mpunga lililofyekwa ndani ya mikoko, anakuuzia kisicho chake.

Maji ya kunywa na njia ya hospitali

Sisi tulio wauguzi huuliza maswali mawili kabla ya kutazama vyumba: mtakunywa nini, na mgonjwa mtampitisha wapi?

Kisima nacho kina mwezi wake wa kupimwa, lakini si masika. Wakati wa mvua kila kisima ni kitamu. Fika mwishoni mwa kiangazi, uonje. Katika vijiji vilivyo karibu na bahari, maji ya visima huwa ya chumvi miezi hiyo, na akina mama hufuata maji mbali. Tazama pia choo kiko wapi kuhusu kisima. Mafuriko yanapopita, uchafu wa vyooni huingia visimani, na hapo ndipo kuhara na kipindupindu huanzia. Maji yakisimama, mbu huzaliana. Kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa.

Kuhusu njia, Kibiti mjini si sawa na delta. Anayeishi karibu na lami atapata gari au pikipiki. Anayeishi visiwani mwa delta hutegemea mtumbwi au boti, na boti hutegemea maji kujaa. Maji yakipwa, mifereji mingine haipitiki, hata kama mama ana uchungu wa kujifungua. Kama binti yako atakuja kujifungulia kwako, au kama mmoja wenu ana shinikizo la damu au kisukari, usihesabu kilomita. Hesabu saa, na uhesabu saa za usiku wa mvua. Mama mjamzito anayeishi delta asogee karibu na hospitali kabla ya wiki zake kutimia.

Nani anauza, na mkewe yuko wapi?

Hapa tunaomba msome polepole. Tunalikumbuka shauri moja la kijijini ambalo tulishiriki kuwafariji wahusika. Bwana na Bibi mmoja kutoka mjini walinunua nyumba mwezi wa Agosti. Muuzaji alikuwa mwanamume mpole, mwenye shida ya fedha. Waliandikiana kwenye karatasi, mashahidi wawili wakatia sahihi, fedha zikahesabiwa mezani. Wiki tatu baadaye akatokea mama mmoja na watoto wanne, mzigo wa mahindi kichwani. Alikuwa bondeni dunguni, akilinda mlau usiliwe na nguruwe. Alipofika kwake alikuta mapazia ya mtu mwingine.

Alikuwa mke wa muuzaji. Hakuwa ameulizwa. Halmashauri ya Kijiji nayo haikuwa imekaa kuhusu jambo hilo. Mauziano hayakusimama. Nyumba ilirudi kwa mama yule, na wale wazee wawili wakaanza kudai fedha ambazo nyingi zilikuwa zimekwisha kuliwa. Wanalipwa kidogokidogo. Hatukujua tumlilie nani kwanza, maana akina mama wote wawili walikuwa wamedhulumiwa na karatasi ile ile.

Sheria ilikuwa wazi tangu zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mume au mke asiuze wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inataka mauziano ya ardhi ya kijiji yaidhinishwe na Halmashauri ya Kijiji. Sahihi ya mwenyekiti peke yake, au ya balozi, haitoshi. Mahakama zimekwisha kubatilisha mauziano ya namna hiyo mara nyingi. Mnunuzi naye anatakiwa awe mwanakijiji, au mtu anayekuja kweli kuishi au kufanya kazi hapo.

Kwa hiyo, mama, wakati baba anazungumza bei barazani, wewe ingia uani. Muulize mke wa muuzaji: dada, unajua jambo hili? Umeridhika? Utahamia wapi na watoto? Kama bwana ana wake wawili, waone wote wawili. Kama nyumba ni ya marehemu, usinunue kwa kaka wala mjomba. Nunua kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na uone barua yake. Nyumba iliyomtoa mama mwingine nje haiwezi kutupa usingizi, hata ikiwa na utulivu wa namna gani.

Jina lako liandikwe

Mkikubaliana, kuna swali moja zaidi: nyumba itaandikwa jina la nani? Akina mama wengi hunyamaza hapa wakiogopa kuonekana hawamwamini bwana. Tunawaambia, wala si dharau. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Hati ya Hakimiliki ya Kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja. Ni rahisi kulisema jambo hili siku ya furaha kuliko kulisema msibani, mbele ya shemeji.

Na wewe uliye mama wa nyumbani usiseme, mimi sikutoa fedha. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za mke za kutunza nyumba ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Miaka uliyopika, ukafua na kulea, imo ndani ya kiinua mgongo kile.

Jambo dogo la karatasi: Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika miaka ya 2010. Karatasi ya zamani itakuwa na jina la Rufiji, na hilo si kosa. Ila ihakikishwe katika ofisi za sasa. Viwanja vilivyopimwa vya mjini Kibiti navyo haviko chini ya kijiji. Hivyo huulizwa Halmashauri ya Wilaya.

Wenzetu wa Uholanzi

Nchi ya Uholanzi nayo ni nchi ya delta, na sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari. Mwaka 1953 bahari ilivunja kuta usiku, wakafa watu zaidi ya 1,800. Baada ya hapo walijenga mabwawa na malango makubwa ya kuzuia bahari, ndiyo maana leo mtu hununua nyumba huko katika kijiji kilichotulia akalala. Sisi hatuna kuta hizo, kwa hiyo kinga yetu ni kuchagua mahali palipoinuka. Lakini wana desturi moja tunayoweza kuiiga bila gharama: kwa sheria yao, anayenunua nyumba ya kuishi hupewa siku 3 za kufikiri tena baada ya kutia sahihi, na akibadili nia anaachiwa. Huku kwetu sheria haitupi siku hizo. Basi tujipe wenyewe, kabla ya kulipa. Muuzaji akisema fedha leo au nyumba inaondoka, mwacheni aende nayo.

Ukimya si utulivu

Mwisho, tutofautishe ukimya na utulivu. Kati ya mwaka 2015 na 2017 Kibiti yetu ilipita katika kipindi kigumu, viongozi wa vijiji na askari waliuawa, na watu wakafunga milango mapema. Vijiji vilikuwa kimya, lakini hakuna aliyeviita vimetulia. Amani imerudi, na imelindwa na majirani wanaojuana. Huku wengi ni Waislamu, na wametuzika na kutuuguza bila kutuuliza dhehebu. Anayehamia akajifungia ndani ya ukuta wake atabaki mgeni miaka kumi. Anayekwenda msibani, akapeleka sahani kwa jirani na kupokea ya kwake, ana ndugu kabla ya mwaka kwisha.

Tukizungumza na baba nyumbani, tuulizane haya:

1. Maji ya 2024 yalifika wapi?
2. Kisima kina ladha gani mwezi wa Novemba?
3. Usiku wa mvua, hospitali ni saa ngapi?
4. Mke wa muuzaji ameridhia kwa kinywa chake?
5. Halmashauri ya Kijiji imekaa na kuandika muhtasari?
6. Majina yetu sote wawili yamo?

Jibu moja likikosekana, fedha zibaki benki. Nyumba nyingine zipo.