Barua ya Wazi kwa Msajili Mkuu wa Ndoa na Talaka: Juu ya Makaratasi ya Ndoa ya Bomani

Kwa Mheshimiwa Msajili Mkuu wa Ndoa na Talaka,
Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Mheshimiwa,

Naomba idhini nikuandikie hadharani juu ya kadhia ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaonekana ndogo, nayo ni matayarisho ya makaratasi yanayotakiwa kwa mwanamume na mwanamke waliokwisha kuridhiana na kuazimia kufunga ndoa ya serikali katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ndoa ambayo sisi raia twaiita ndoa ya bomani. Yaonekana ndogo kwa sababu wenye kutaabika nayo ni watu wawili wawili, kila jozi kwa wakati wake, wala hawakutani wakapata kusema kwa sauti moja. Waliofanikiwa hushika cheti chao wakafurahi na kusahau, na walioshindwa hurejea nyumbani wakaendelea kuishi pamoja bila ya cheti, na habari zao hazifiki kwako, maana rejesta yako huandika ndoa zilizofungwa, haiandiki zilizokwama.

Mimi nilikuwa karani kabla ya kustaafu, na tangu hapo majirani hunijia jioni wakiwa na bahasha mkononi ili niwasomee fomu, niwaandikie barua, au niwafuate bomani niwe shahidi wao. Kwa hiyo haya nisemayo nimeyaona kwa macho, na ingawa sitaitaja ofisi yoyote kwa jina, kwa kuwa makusudio yangu si kumshitaki mtu, naamini kwamba maafisa wako wa wilaya wakiisoma barua hii watayatambua.

Sheria ya Ndoa, yaani Sheria Namba 5 ya mwaka 1971, ilianza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Mei mwaka huo, baada ya Serikali kutoa waraka wa mapendekezo yake mwaka 1969 na wananchi kupewa nafasi ya kuyajadili, nayo ilikusanya mahali pamoja ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali, ambazo zamani kila moja ilikuwa na kanuni zake mbali. Mtu akiisoma kwa utulivu atastaajabu jinsi matakwa yake yalivyo machache. Kifungu cha 18 chawataka wenye nia ya kuoana watoe taarifa kwa msajili siku zisizopungua 21 kabla ya siku waliyoikusudia, na ndani yake wataje majina yao, umri wao, makazi yao na wazazi wao, waseme kama kila mmoja ni mseja, mjane au mtalaka, na wakiri kwamba baina yao hapana udugu wa kuharimisha ndoa. Taarifa hiyo hutangazwa, ili mwenye pingamizi alilete kabla ya siku yenyewe. Na siku hiyo ikifika, wawili hao hutoa ridhaa yao kwa hiari mbele ya msajili na mashahidi wasiopungua wawili. Mambo ambayo dola yataka kuyajua kabla ya kuwaita mume na mke ni haya: ni nani nyinyi, mmefikia umri, mko huru, mmeridhia?

Makaratasi basi yalikuja ili kuyathibitisha majibu hayo, na mimi siyapingi. Cheti cha kuzaliwa chathibitisha umri, na jambo la umri si la kuchezewa, hasa tangu Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya kutimiza miaka 18 vyapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Kitambulisho cha Taifa chaonyesha nafsi ya mtu. Barua ya serikali ya mtaa yaonyesha makazi yake na yasaidia kujua kama ana mke au mume mwingine. Picha ndogo zabandikwa ili asije mtu akafunga ndoa kwa jina la mwenziwe. Mgeni kutoka nchi nyingine huongezewa hati ya kwao inayosema kwamba hana kizuizi, na hilo nalo lafahamika.

Ninalolilalamikia ni kwamba raia haambiwi. Afika mlangoni aulize, aambiwe alete vyeti vya kuzaliwa; avileta, aambiwe palipungua barua ya mtaa; aileta, aambiwe barua ile haikutaja kwamba yeye ni mseja; airekebisha, akute karani mwingine ambaye ataka jambo ambalo yule wa kwanza hakulitamka. Fauka ya hayo, kinachotakiwa katika wilaya moja hakitakiwi katika ya pili, ilhali sheria ni moja na wewe unayeisimamia ni mmoja. Na kwa kuwa haambiwi sababu ya kila karatasi, hawezi hata kufikiri ni karatasi gani nyingine ingeweza kusimama mahali pa ile asiyokuwa nayo.

Chukua mfano wa mtu wa makamo, aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga wa jadi, katika kijiji ambacho msajili wa vizazi hakupata kukanyaga. Huyu hana cheti cha kuzaliwa, wala kukosa kwake si hatia yake. Anacho cheti cha ubatizo, au cha kumaliza darasa la saba, au anaye shangazi mzee awezaye kula kiapo mbele ya Kamishna wa Viapo kwamba mtoto huyu alizaliwa mwaka wa mafuriko fulani. Kwa mtu mwenye mvi, ambaye hapana awezaye kumshuku kuwa hajatimiza miaka 18, kiapo hicho chatosha kabisa kujibu swali la umri. Lakini aghalabu huambiwa akaanze kwanza kutafuta cheti cha kuzaliwa kwa njia ya usajili uliochelewa, na hiyo ni safari nyingine yenye makaratasi yake, ada zake na nauli zake za kurudi kwao.

Lipo pia jambo la majina. Twajua sote kwamba watu wetu wamekuwa wakiandikwa na makarani wa kila namna: shuleni kaandikwa Mwanahamisi, katika kitambulisho Mwanakhamis, zahanati Mwana Hamis, na jina la babu laingia katika hati moja na kuachwa katika nyingine. Mtu ni yule yule, na mtaa mzima wamjua. Kuna ofisi zinazopokea kiapo kifupi cha kuthibitisha kwamba majina hayo ni ya nafsi moja, na jambo likaisha asubuhi ile ile; na kuna ofisi zinazomrudisha mwenye hati akarekebishe kila moja huko ilikotoka. Tofauti hii yategemea tabia ya aliyekaa mezani, wala haistahili kuachwa hivyo.

Lakini wanaoniumiza moyo zaidi ni wajane. Sheria yawalinda vizuri, maana kifungu cha 68 chasema waziwazi kwamba mwanamke aliyefiwa na mume yu huru kukaa apendapo na kuolewa na mwanamume amtakaye, hata kama mila ya ukoo yasema vinginevyo; na wabunge waliopitisha kifungu hicho walijua walikuwa wanawakomboa wanawake kutoka katika nini. Hata hivyo mjane huyo huyo akifika bomani huulizwa cheti cha kifo cha marehemu mumewe, na hapo ndipo uhuru wake unapogota. Marehemu alifia shambani, akazikwa kesho yake kabla ya adhuhuri, na waliokuwapo walishughulika na sanda, kaburi na wageni, hapana aliyekumbuka kwenda kuandikisha. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo yataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Na ikiwa mjane ni Mwislamu, siku hizo zote zamkuta ndani ya eda, ambayo ni miezi minne na siku kumi, amejistiri nyumbani kama dini yake inavyomwamuru. Atokapo edani muda umekwisha kupita. Ndugu wa mume, ambao wangeweza kwenda kwa niaba yake, huenda hawana haja, na pengine wana haja ya kutokwenda, kwa kuwa cheti cha kifo ndicho kifunguacho pia mlango wa mirathi. Kisha miaka yapita, apata mtu mwema wa kumsitiri, na mwanamke huyo alazimika kuwaomba hati wale wale ambao hawapendi aolewe nje ya ukoo wao. Mheshimiwa, ofisi yako hiyo hiyo ndiyo yenye kusajili vifo na ndoa, tangu Wakala ulipoundwa mwaka 2006 na kurithi kazi za Kabidhi Wasii Mkuu. Daftari zote mbili zi mikononi mwako. Je, haiwezekani mjane akapokewa mezani pamoja na mashahidi wawili waliohudhuria mazishi na barua ya mtendaji wa kijiji, kifo kikasajiliwa hapo hapo, na taarifa ya ndoa yake ikapokewa siku ile ile?

Mtalaka naye ana shida yake, ijapokuwa hiyo mimi naiona kuwa yatokana zaidi na kutojua. Wengi wadhani kwamba talaka iliyotamkwa na kuandikwa mbele ya shehe, au mahari iliyorejeshwa mbele ya wazee, imemaliza kila kitu. Hawajui kwamba kwa Sheria ya Ndoa sharti shauri lipite katika baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha mahakama itoe amri ya talaka, na kwamba bila ya amri hiyo wao katika hesabu ya serikali wangali mume na mke. Hulijua hilo siku wanapotaka kuoa tena, wakati posa imekwisha kujibiwa na siku imekwisha kutangazwa kwa jamaa. Laiti wangaliambiwa mapema, Mahakama ya Mwanzo haiko mbali.

Liko na jambo jingine ndani ya fomu yenyewe ambalo lanitia wasiwasi kuliko hati zinazokosekana, nalo ni lile swali la kama ndoa itakuwa ya mke mmoja au ya wake wengi. Sheria yachukulia kwamba ndoa ya bomani ni ya mke mmoja mpaka ithibitike vinginevyo, na kubadili aina ya ndoa baadaye kwahitaji tamko la hiari la wote wawili mbele ya hakimu au jaji; kwa hiyo alama hiyo moja ya kalamu yaamua maisha ya nyumba nzima, na haki ya mwanamke aliye ndani na ya yule ambaye pengine atakuja. Nimeona bibi harusi akiwekewa kidole penye kutia saini wakati foleni nyuma yake yanung'unika, naye hakusoma alichokubali. Dakika tano za afisa kulieleza swali hilo kwa Kiswahili kinachofahamika, tena kwa kila mmoja wao peke yake, zina thamani kubwa kuliko karatasi nyingine tano katika faili.

Na kuhusu zile siku 21, naomba zitumike kama zilivyokusudiwa. Tangazo la nia ya kufunga ndoa nimelikuta limebandikwa ndani ya ofisi, nyuma ya mlango unaofunguliwa kutwa, mahali ambapo mke aliyeachwa kijijini bila ya talaka hangeweza kuliona hata angekuja mwenyewe. Likibandikwa penye ubao wa nje, na nakala ikapelekwa katika ofisi za mitaa wanakokaa wahusika, pingamizi la kweli litapata njia, na haja ya kudai hati nyingi za ushahidi kutoka kwa watu wasio na hatia itapungua.

Mheshimiwa, wapo watakaosema kwamba asiyeweza makaratasi na akae tu, kwa kuwa kifungu cha 160 chawadhania kuwa wameoana mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili na kupata sifa ya mke na mume mbele ya watu. Ni kweli kifungu hicho kipo, na kimewasaidia wengi, lakini dhana yaweza kukanushwa. Na anayelazimika kuithibitisha aghalabu ni mwanamke, baada ya mwanamume kufa, mbele ya mahakama iliyojaa shemeji wanaoapa kwamba hawamjui. Hapo ndipo cheti kimoja, ambacho kingetolewa kwa ada ndogo na saa moja ya kazi, hugeuka kuwa kesi ya miaka.

Kwa hiyo nakuomba utoe waraka mmoja kwa wilaya zote za Bara, ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa nje ya kila boma, ukitaja kila karatasi inayotakiwa na sababu ya kutakiwa kwake, ada yake halali, na hati au kiapo kitakachokubaliwa badala yake endapo mtu hana. Na uamuru kwamba afisa atakayemrudisha mtu amwandikie kwa saini yake ni nini kilichopungua, ili asirudishwe tena kwa jambo jingine. Wajane nawaombea mahsusi ile njia niliyoitaja juu, ya kusajili kifo na kupokea taarifa ya ndoa kwa pamoja. Haya yote yamo ndani ya mamlaka uliyonayo leo, na hayangoji Bunge.

Wako mtiifu katika utumishi wa umma,

Karani mstaafu, Tanga.