Mtoto wa Eastlands apimwe shuleni mwake

Mtoto akishindwa kusoma katika shule zetu za Eastlands, huhukumiwa kabla ya kupimwa. Mwalimu humwita mzembe, wenzake humwita mjinga, na mzazi, akiisha kuchoka kuitwa shuleni, huanza kuyaamini yote mawili. Viboko vilipigwa marufuku mwaka wa 2001. Matusi yangali yanachapa.

Nilifunza kwa miaka mingi katika shule moja ya msingi upande wa Kayole, na watoto wa aina hiyo nawakumbuka vizuri. Mmoja alikuwa na hati nzuri kuliko darasa zima. Alinakili ya ubaoni bila kukosa hata nukta, lakini ukimwambia asome alichokiandika, alitazama miguu yake. Je, kasoro ilikuwa machoni? Masikioni? Au ilikuwa ile hali ya kushindwa kuoanisha herufi na sauti ambayo wataalamu huiita disleksia, na ambayo si upungufu wa akili hata kidogo? Nilikuwa na wanafunzi zaidi ya 70 mbele yangu, wala chuo cha ualimu hakikunifunza kulijibu swali hilo. Aliyefunzwa kulijibu ni mwanasaikolojia wa elimu. Sikupata kumwona hata mmoja akiingia katika lango letu.

Haki isemwe: serikali haikulala. Vituo vya kuwapima watoto vilianzishwa mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark, na mwaka wa 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoko Kasarani. Walimu wanaohudumu vituoni wamesomea elimu maalumu, na wengi wao ni watu wa kujitolea. Hata hivyo, mwalimu wa elimu maalumu si mwanasaikolojia, na kumtwika kazi zote mbili ni kumwonea yeye pamoja na mtoto.

Tena kuna suala la umbali. Mama muuza mboga wa Kayole akiambiwa ampeleke mwanawe Kasarani, ramani humwonyesha safari fupi: Outer Ring hadi Allsopps, kisha barabara ya Thika. Mkoba wake humwonyesha mengine. Ni nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, na siku nzima bila biashara. Akiambiwa arudi wiki ijayo, hatarudi, nami simlaumu. Mwenzake wa mtaa wa kifahari humlipa mtaalamu wa kibinafsi, akapewa ripoti, na mtoto akaanza kusaidiwa.

Sheria mpya haihitajiki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeipa Bodi ya Elimu ya Kaunti wajibu wa kuwachunguza wanafunzi wenye mahitaji maalumu na kuwashauri wazazi na walimu wao. Kinachokosekana ni mtu wa kuifanya kazi hiyo. Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, na iunde cheo cha mwanasaikolojia wa elimu, kuanzia na mmoja Makadara, mmoja Kamukunji, mmoja Mathare na mmoja Embakasi. Azizungukie shule kwa ratiba inayojulikana, zikiwemo zile za mabati za Mukuru ambazo wakaguzi huzisahau.

Tutaambiwa hakuna fedha wala wataalamu. Kuhusu wataalamu, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara nzima ya saikolojia ya elimu. Kuhusu fedha, tayari tunalipa: tunamgharimia mtoto miaka minane au tisa darasani, kisha anatoka bila kuweza kusoma maandishi ya matatu anayoipanda.

Nina hofu moja tu. Wako wakuu wa shule watakaoitumia ripoti kumfukuza mtoto, aende akaharibu wastani wa alama za shule nyingine. Sera ya mwaka wa 2018 yataka mwenye ulemavu asome pamoja na wenzake kila inapowezekana. Basi ripoti ieleze mwalimu afanye nini Jumatatu asubuhi, na nakala apewe mzazi kwa lugha anayoielewa.

Mikutano ya wazazi haiko mbali. Tumuulize mwalimu mkuu, na yeye aiulize bodi: ni nani atakayewapima watoto wetu, na atakuja siku gani?