RUFANI SI HISANI

Wako miongoni mwetu ambao wakisikia mfungwa amekata rufani hubeua midomo na kunena: "Amekwisha hukumiwa, ataka nini tena?" Kauli hiyo ni kasumba ya kikoloni, nayo haina budi kupingwa.

Tuikumbuke Kapenguria. Mwaka 1952 wakoloni waliwashitaki Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano kwa kuongoza Mau Mau. Kesi ilisikilizwa katika eneo lililofungwa, ambako hata wakili hakuingia ila kwa kibali. Hakimu Ransley Thacker alitolewa katika ustaafu akazawadiwa paundi 20,000. Aprili 8, 1953 aliwahukumu wote miaka saba na kazi ngumu. Mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi mkubwa wa Serikali, aliapa kwamba alisema uongo kwa kuahidiwa masomo Uingereza. Kwa kiapo hicho akafungwa yeye!

Je, rufani ziliwafaa nini? Mahakama Kuu ilipotamka kwamba hakimu hakuwa na mamlaka mahali pale, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliutengua uamuzi huo. London nako mlango ukafungwa. Ndugu Achieng Oneko alishinda rufani yake mwaka 1954, lakini hakuachiliwa. Aliendelea kuwekwa kizuizini. Rufani ilikuwa vazi la kuficha dhuluma.

Watasema: "Hao walikuwa wapigania uhuru, hawa wa leo ni wezi." Hoja hiyo haisimami. Ikiwa ushahidi ulikuwa safi, hukumu haitatikiswa na mahakama ya pili. Ikiwa shahidi alinunuliwa, au mshitakiwa hakuelewa lugha ya mashitaka, basi mwizi halisi yu nje anatucheka, na mnyonge anaoza gerezani kwa niaba yake. Anayefaidika hapo ni nani?

Katiba yetu, Ibara ya 13(6), imeitaja rufani kuwa ni haki. Lakini haki hiyo ni jina tupu iwapo mfungwa hapewi nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi yake. Bila karatasi hizo ataonyeshaje alivyodhulumiwa? Karani anayezikalia hadi miaka ipite anaifanya kazi ile ile ya Thacker, tena bila kulipwa paundi hata moja.

Ndugu wananchi, nakala hizo zitolewe upesi. Tusiwafukuze wakoloni kisha tukawarithi mahakama zao.